Ruhusa ya kupita

Jumatano rafiki yangu wa Beni alinitumia kwa barua pepe masimulizi ya nyanya yake: kurasa 14 za Kinande, lugha iliyopewa alama D42 katika orodha ya Guthrie, pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Niliyahitaji kwa sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Nyanya alikuwa amesimulia vita, akitaja kwa majina waliokufa na walionusurika. Sharti lake lilikuwa moja: "Someni ninyi wawili. Majina yasitoke."

Hadi Jumapili sikuwa nimepata kitu. Sura ilitakiwa Jumatatu, na rafiki yangu alikuwa amekwenda mahali pasipo na mtandao. Seva ni ya ofisi ndogo hapa Butembo ambako ninasaidia jioni, na kosa lilikuwa langu: Jumanne nilikuwa nimehamishia masanduku ya barua kwenye diski mpya. Postfix, programu inayopokea barua, ilikuwa imeiweka barua yangu kwenye foleni na kuijaribu tena na tena. Kwa kawaida huvumilia siku 5, kisha humrudishia aliyeituma.

Kumbukumbu za seva zilisema ruhusa imekataliwa. Nikakagua folda yangu: mwenyewe ni vmail, mtumiaji anayehifadhi barua za wote, kusoma sawa, kuandika sawa. Nikakagua mara tatu. Saa nne usiku, betri ikiisha, nikaandika amri ya watu waliochoka: chmod 777. Hiyo humpa kila mwenye akaunti kwenye seva haki zote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe nilipoyakumbuka majina.

Nikaifuta. Nikasoma ujumbe wa kosa upya, polepole, kama tunavyofundishwa kusoma matini. Mwishoni ulisema: inakosekana x. Sisi huifasiri x kuwa "kutekeleza". Kwa programu ni sawa, lakini folda haitekelezwi. Kwa folda, x ni ruhusa ya kupita kwenda kwenye kilichomo ndani. Aliyesafiri kati ya Butembo na Beni anaelewa: unaweza kuwa na ufunguo wa nyumba yako, lakini ukizuiwa kwenye bariere njiani, ufunguo haukusaidii kitu.

Mimi nilikuwa nikikagua mlango tu. Amri namei -l ikanionyesha njia nzima, folda baada ya folda. Bariere ilikuwa juu kabisa: folda mama, niliyoiunda mwenyewe kama root, ilikuwa na 700, yaani hapiti mwingine. Nikaiwekea 711: wengine wapite, lakini wasiweze kuorodhesha yaliyomo. Masanduku yenyewe yakabaki 700, mikononi mwa vmail. Nikaiamuru foleni ijaribu tena. Barua ikaingia.

Tafsiri isiyofaa ilinipotezea usiku mzima, na karibu initie katika aibu kubwa zaidi. Tunapotunga istilahi za kompyuta, tuulize kwanza neno linafanya kazi gani pale lilipo.

Katika sura ile niliweka herufi mahali pa majina. Wiki iliyofuata nilifika Beni kumsalimia nyanya. Aliniuliza swali moja:

"Majina yamefika kwa nani?"

"Kwangu tu, nyanya."

Nilishukuru kwamba nilikuwa nikisema kweli.