Kumtunza Mbwa Aliyesahau

Watu wengi wa Mwanza hufuga mbwa. Mchungaji humfuga ili amsaidie machungani, mvuvi humfuga ili alinde nyavu na injini ya mtumbwi, na mwenye duka humfuga kwa ajili ya wezi. Walakini ni wachache wanaojiuliza mbwa huyo atakuwaje akizeeka, maana wengi wao hawafiki uzeeni. Hugongwa na magari, hufa kwa maradhi, ama hupewa sumu. Mimi nilipata kumtunza mbwa aliyezeeka hata akasahau nyumba yake mwenyewe, na kwa kuwa jambo hilo lilinifundisha mengi, naona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu.

Mbwa huyo aliitwa Polisi, naye alikuwa mali ya babu yangu, mzaa mama. Nyumba ya babu iko kando ya Ziwa Viktoria, katika njia ya kwenda Igombe, mahali ambapo mawe makubwa yamepangana tangu mlimani mpaka majini kama watu waliokuja kuteka maji. Polisi alikuwa mbwa wa kienyeji, dume, rangi yake kahawia na kifua cheupe. Babu alikuwa mvuvi wa sangara. Kila mtumbwi ulipovutwa ufukoni, Polisi alipanda ndani yake akalala juu ya nyavu, na hakuna mtu aliyethubutu kusogea mpaka babu arudi. Watu wakasema kuwa mzee yule ana askari asiyedai mshahara.

Alipotimiza miaka kumi na mitatu tukaanza kuona mambo mageni. Akitaka kuingia ndani alisimama upande wa bawaba za mlango, akangoja mlango ufunguke upande ule usiofunguka. Mara nyingine aliingia katika pembe iliyo nyuma ya pipa la maji, akakaa humo akilia, kwa sababu hakukumbuka kuwa mnyama aweza kurudi kinyumenyume. Mchana kutwa alilala. Usiku kucha alitembea, akizunguka uani kwa duara, daima upande mmoja. Alibweka akitazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, taa alizoziona maisha yake yote. Jioni moja nilipompelekea chakula alininguruma kana kwamba hajapata kuniona, ingawa ni mimi niliyemlisha tangu nikiwa darasa la kwanza.

Habari hizi zilienea mtaani. Baadhi ya watu walisema mbwa ana pepo, na wengine walisema ana kichaa. Usiku mmoja Polisi alipenya katika ua, akaenda nyumba ya jirani, akasimama akiukabili ukuta wa chumba walalamo watoto, asibweke wala asitikisike. Asubuhi vijana saba walifika kwa babu na marungu.

"Shikamoo mzee," akasema mkubwa wao.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Mzee, tumekuja kwa heshima. Mbwa wako amepata kichaa, na pale kuna watoto. Leo hatuwezi kumwacha."

Babu hakugomba nao. Akawaambia, "Hofu yenu ni ya haki. Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha, nami nina wajukuu hapa hapa. Lakini tusiue kabla ya kujua. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa, nami nitamwita afisa mifugo." Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na vyeti vya chanjo vya Polisi, cheti kwa kila mwaka, vimekunjwa vizuri. Mwenyekiti akavisoma kimoja kimoja kwa sauti, na vijana wakasikiliza. Akaamua kuwa mbwa afungwe uani kwa siku kumi, asigusane na mtu ila anayemlisha, na afisa mifugo aje kumtazama.

Hapa yapasa nieleze kwa nini babu hakuwalaumu vijana wale. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote ni wa Asia na Afrika. Miongoni mwao wamo watoto wengi, kwa sababu watoto hucheza na mbwa. Dalili zikisha kumtokea mtu, hakuna dawa ya kutegemea. Lakini kinga ipo. Mwaka 1885 Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Na mpaka leo tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Afisa mifugo alifika siku ya pili. Akamtazama Polisi kwa muda mrefu, akatuuliza maswali mengi: anakula? anakunywa maji? mate yanamtoka? miguu ya nyuma inalegea? mambo haya yalianza lini? Tukamjibu kuwa anakula na kunywa, na kuwa mambo yenyewe yalianza karibu mwaka mzima uliopita. Akasema, "Mbwa mwenye kichaa hageuki kwa mwaka mzima. Hugeuka kwa siku chache, hushindwa kumeza, hupooza, na kwa kawaida hafikishi siku kumi tangu dalili zianze. Fuateni amri ya mwenyekiti, lakini nadhani mbwa huyu ana uzee wa akili." Siku kumi zilikwisha, na siku ya kumi na moja Polisi alikula ugali wake wote na kulamba bakuli.

Tangu hapo nilitafuta habari za ugonjwa huo katika vitabu na katika intaneti. Nikaona kuwa mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye ubongo wake, alipokwisha kufa, ulionekana una vitu vilivyoganda ndani yake. Leo yajulikana kuwa vitu hivyo ni aina ya protini, na kuwa protini kama hiyo hujikusanya pia katika ubongo wa mbwa wazee. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2001 huko California, Marekani, mbwa 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na dalili moja au zaidi ya akili kuchoka. Na kwa wenye miaka 15 hadi 16 walikuwa 68 katika kila 100. Basi Polisi hakuwa ajabu. Alikuwa mmoja wa wengi, ila sisi hatukuzoea kuona mbwa wa umri ule. Huko Marekani ipo dawa iliyoruhusiwa mwaka 1998 kwa mbwa wa namna hii, nayo hupunguza taabu kwa baadhi yao, lakini haiponyi.

Si watu wote wa nyumbani waliokubali kazi hii. Mjomba alipokuja kutoka Shinyanga alimwambia babu, "Baba, mbwa huyu amekwisha kazi. Analala mchana, anawasumbua usiku, na chakula kina bei. Kwa nini asipumzishwe?" Babu alikuwa akishona wavu. Hakuinua macho. Akasema, "Mwanangu, ada yako ya shule ilitoka katika mtumbwi gani?" Mjomba akanyamaza. Babu akaendelea, "Na usiku, ndani ya mtumbwi huo, alilala nani?" Neno hilo halikusemwa tena. Kesho yake, kabla ya kuondoka, mjomba alinunua gunia jipya la kumlazia Polisi.

Sasa nitaeleza jinsi tulivyomtunza, maana huenda msomaji mwingine akahitaji.

Kwanza, hatukuhamisha kitu. Bakuli, maji na gunia vilikaa mahali pale pale. Mbwa aliyesahau huongozwa na miguu na pua. Ukilihamisha bakuli hatua tano, umelipeleka nchi nyingine.

Pili, tulishika saa. Alikula saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, kisha nilimfunga kamba nikamtembeza ufukoni kabla ya jua kuchwa. Mwanza iko karibu na ikweta, na jua letu huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima; jambo hilo lilitusaidia. Siku alizotembea jioni, usiku wake ulikuwa na utulivu zaidi.

Tatu, chakula. Zamani alitafuna mapanki ya sangara hata mfupa mgumu kabisa. Meno yalipokwisha tulimpa ugali laini uliolowekwa katika mchuzi wa dagaa, bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa mbwa. Miiba ya samaki niliitoa kwa mkono.

Nne, usiku. Tuliziba matundu ya ua kwa fito, na pembe ile ya nyuma ya pipa tukaijaza mawe ili asinaswe tena. Tulitundika taa ndogo ya nguvu ya jua karibu na gunia lake, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu na giza lilimtia hofu. Mimi nilihamishia meza yangu karibu na mlango, nikasoma jiografia na hesabu nikisikia hatua zake zikizunguka. Aliposimama na kulia nilitoka nikamgeuza kwa upole, naye akaendelea.

Tano, hatukumgusa ghafula. Nilimwita kwanza, nikampa mkono anuse, ndipo nikamshika. Tangu tulipofanya hivyo hakumnguruma mtu tena. Sita, usafi: alijikojolea akilala, kwa hiyo kila asubuhi nilifua gunia lake kwa sabuni nikalianika juu ya mawe. Hakuchapwa kwa jambo hilo hata siku moja, maana hakujua amefanya nini.

Kazi hii ilikuwa na faida nisiyoitazamia. Yule kijana mkubwa aliyekuja na rungu alikuwa akipita jioni kutazama hali ya mbwa. Siku moja alimwuliza babu kwa sauti ya chini, "Mzee, na mtu aweza kupata ugonjwa huu?" Akaeleza kuwa kijijini kwao bibi yake huondoka usiku kwenda kutafuta ng'ombe waliokufa zamani, na asubuhi hukutwa uani kwa watu, hajui alivyofika. Watu walikuwa wameanza kumnong'ona.

Wasomaji wa Usukumani wanaelewa mnong'ono huo una hatari gani. Vikongwe wameuawa katika nchi yetu kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kikongwe akutwaye nje ya nyumba ya mtu usiku wa manane ana hatari zaidi. Lakini huo ni ugonjwa, na upo katika Tanzania kama ulivyo mahali pengine. Wataalamu waliowachunguza wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitangaza mwaka 2013 kuwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao. Duniani kote, mwaka 2021, wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 57.

Babu akamjibu kijana yule, "Mpeleke hospitali, kisha kamwambie mwenyekiti wa kijiji maneno ya daktari mbele ya watu, kama yetu alivyosoma vyeti mbele yenu." Akafanya hivyo. Sasa bibi analala chumba kimoja na mjukuu wa kike, na mlango hufungwa kwa komeo la juu. Majirani wakimwona njiani humshika mkono wakamrudisha.

Polisi alifariki alfajiri, katika likizo, akiwa na miaka kumi na mitano. Babu alimzika mwenyewe chini ya mwembe, karibu na mahali mtumbwi unapovutwa. Vijana wawili katika wale saba walikuja kusaidia kuchimba, kwa kuwa mahali pale pana mawe mengi.

Kama kuna mwenzangu mwenye mbwa mzee nyumbani, namshauri aanze na mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Ampeleke mbwa wake kwenye chanjo kila mwaka na kukiweka cheti mahali pakavu, ambapo mtu yeyote wa nyumbani aweza kukiona upesi. Na bakuli la chakula likae pale pale lilipo.