Kusikiliza Redio za Mbali Safarini

Kwetu ni Ikola, pwani ya Ziwa Tanganyika. Waalimu wageni wafikao kwetu hustaajabu kuona redio ndogo ya betri ikinasa, katikati ya ziwa, sauti itokayo nchi za mbali. Nimeombwa kueleza jambo hilo; nami nitaongeza kosa langu, mtu asije akalirudia.

Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hata tabaka la anga lenye umeme, juu kupita kilometa 100, kisha hurudi chini kama mpira udundao, hata yakavuka bahari. Jua hulibadili tabaka hilo. Kwa hiyo mchana tafuta mita 19 au 16. Jua likishakuchwa, tafuta mita 41 au 49. Sauti ya Tanzania Zanzibar, kwa miaka mingi, ilisikika hata Ulaya katika kilohezi 11735, yaani mita 25.

Ndani ya mashua kaa mbali na mashine, maana ngurumo yake huingia redioni pia. Ukifika nchi kavu, tundika mtini waya mwembamba wa mita 5 au 6, ufunge ncha yake kwenye antena. Radi ikikaribia, uteremshe upesi. Chukua daftari, uandike siku, saa, kilohezi na maneno uliyoyasikia. Stesheni nyingi hutaja saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3: wasemapo 18:00, kwetu ni saa tatu ya usiku.

Sasa kosa langu. Agosti 1998 vita vilianza tena Kongo, nami nilikuwa kijana. Nyumbani kwetu tulimkaribisha mama mmoja aliyekimbia kutoka ng'ambo, akiwaacha wazazi wake wazee. Usiku mmoja, nikiwa safarini Karema, nilisikia redioni jina la mji wake, kisha neno "wamekufa", mara sauti ikazama. Sikungoja irudi, nilizima redio ili nisimalize betri. Nilipofika nyumbani nikamwambia. Mama yule alilia siku tatu, akanyoa nywele zake.

Siku ya nne alikuja mvuvi kutoka ng'ambo, akasema mji haujaguswa na wazee wale ni wazima. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, umenizikia wazazi walio hai."

Tangu siku ile sipeleki kwa mtu habari niliyoisikia nusu. Sauti ya masafa mafupi hupanda na kuzama. Basi, ngoja habari isomwe tena, au itafute kwa stesheni nyingine. Ukiulizwa kabla ya hapo, jibu, "Sikusikia vema." Neno hilo si aibu. Na siku hizi, habari zikimiminika katika simu, latufaa vilevile.