Ukuta Usio na Ufa

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo twaitumia sana katika kuonyana juu ya tabia, hata tumesahau kwamba yahusu kwanza udongo. Leo, wasomaji wapenzi, napenda kuwaandikieni juu ya ukuta wenyewe.

Hapa Bukama, mahali ambapo reli kutoka kusini iliufikia mto Lualaba mwaka 1918, nyumba nyingi ni za matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma. Kusimamisha kuta na kuezeka si kazi itushindayo. Itushindayo ni kumaliza. Mtu huhamia nyumba ikiwa bado uchi, akisema, "Lipu nitapiga mwakani". Na huo mwakani haufiki.

Mwaka jana mama yangu mzazi, aliye mjane, alikuja kukaa kwetu. Chumba kilichokuwa tupu kilikuwa cha nyuma, cha matofali mabichi, kuta zake zikiwa na nyufa za kupenya kidole. Nilikuwa na mifuko michache tu ya saruji. Mdogo wangu akasema, "Kaka, tumalize sebule kwanza, maana wageni hutazama sebule." Mke wangu akamjibu kwa upole, "Shemeji, wageni watatazama na kwenda zao. Mama atalala humu kila siku." Nikaona neno lake ni la haki.

Maana ufa si aibu ya macho tu. Ndani yake hujificha kimputu, yule papasi atokaye usiku kumwuma aliyelala na kumwachia homa ya kurudiarudia. Mwaka 1905 tabibu Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alifia Kasongo, karibu na mto wetu huu huu wa Lualaba, kwa homa ile ile aliyokuwa akiichunguza. Ukuta laini na sakafu isiyopasuka humnyima mdudu huyo maskani yake.

Ndugu mmoja wa Lubumbashi alitushauri tununue mbao za jasi, zifunikazo ukuta kwa siku moja. Ni nzuri mahali pakavu. Lakini jasi ikilowa hulegea, na nafasi iliyobaki nyuma yake huwa kao la wadudu. Tukamwita fundi mzee wa hapa.

Alituzuia kwanza tusipake saruji ukutani. "Mwalimu," alisema, "tofali bichi na saruji havipatani." Kisha akaeleza: udongo hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea, saruji ni ngumu, haiwezi kuufuata. Unyevu upandao kutoka ardhini hunaswa nyuma yake, na lipu hubambuka kama ganda.

Basi tukachanganya udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, tukauacha siku kadhaa uive. Nyufa kubwa zilijazwa kwanza. Tabaka la kwanza la lipu lilikwaruzwa likiwa bichi, ili lishike la pili; la pili likanyoshwa kwa ubao mrefu na kupimwa kwa timazi. Lilipokauka, nyufa nyembamba zilizotokea zikazibwa kwa tope laini, ndipo tukapaka chokaa mara tatu, kila mara nyepesi. Saruji yetu ikatosha sakafu, nasi tukainywesha maji siku saba, isikauke kwa haraka ikapasuka.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini mzee hakufunga mfuko wake. Akaonyesha pale sakafu inapokutana na ukuta, na pale miimo ya mlango inapogusa lipu. Vitu viwili visivyokauka sawasawa, alisema, havikosi kuachana. Akapigilia mbao nyembamba kuzunguka chumba na mlango, pembeni akizikata kwa digrii 45 hata zikakutana bila mwanya, na upenyo uliosalia akauziba. Mbao hizo watu huzidhania pambo. Kumbe ndizo mlinzi wa mahali padhaifu kuliko pote.

Sebule yetu hata leo haijapigwa lipu, na wageni wanaona. Lakini mama halali tena na vumbi la ukuta usoni. Ninyi baba wa nyumba, kabla ya kununua mfuko wa kwanza, zungukeni vyumba vyote na taa, mkaulize: nani alala penye ufa? Kazi ianzie hapo.