Mfupa wa Bega la Ngamia

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni kaskazini ya mji wa Unguja. Babaye ni Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mamaye ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani angali mtoto. Salme alipofikia miaka kama 7, mama na mwana walihamia mjini, nyumbani kwa Majid, kakaye Salme, aliyempenda na kumlea.

Katika neema ile yote, jambo moja alinyimwa. Mabinti wa kifalme walisomeshwa Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa; kalamu iliachiwa wanaume. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ubao wa watoto wa chuoni siku zile.

Elimu hiyo ilikuwa na gharama. Baba alifariki baharini mwaka 1856. Mama alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo Barghash, ndugu yao, alikula njama ya kumpindua Majid, na barua za siri zikahitaji mwandishi. Akaandika Salme, msichana wa miaka 15. Herufi za siri za utotoni zikageuka silaha dhidi ya ndugu aliyemlea.

Njama ilishindwa, undugu ukaingia ufa. Lakini mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, mkono uleule ulichapisha kumbukumbu zake. Mtoni leo ni magofu. Vicheko vya watoto wake vyasikika bado kitabuni.