Karachi, fuata moshi!

Asikwambie mtu, ukifika Karachi usijifungie kula hotelini. Jua likizama shuka Burns Road, ufuate moshi. Mie nilianza na bun kebab: kababu ya dengu na nyama, imechovywa kwenye yai, ikakaangwa na kubanwa ndani ya mkate wa mviringo wenye chatne kali. Ikafuata nihari, mchuzi mzito wa nyama uliotokota usiku kucha, na naan ya moto. Kumbe wengi walioanzisha vijiko hapa walitoka Delhi mwaka 1947, India ilipogawanywa. Nyumba waliziacha, mapishi wakaja nayo kichwani. Nikalamba vidole mpaka mwenye duka akacheka, akaniongeza mchuzi bila kudai hata rupia.