Nilikuwa Nangoja Nielewe Kwanza

Wiki ya tatu chuoni, nilipita mbele ya meza moja mara tatu nikijifanya naongea na simu. Simu yenyewe ilikuwa imezima chaji. Mezani walikuwa wasee wanne wa darasa letu, vitabu wazi, wanabishania swali la takwimu ambalo hata mimi lilikuwa limeninyima usingizi. Mmoja akaniona: "Buda, kuja!" Nikamwonyesha simu, nikaendelea kutembea.

Najua mnanijua kama mtu wa mdomo. Lakini kamera haikuulizi swali. Nimekulia Burumba, hapa Busia, mahali utasikia Kiluhya, Kiteso, Kijaluo na Kiganda kwa foleni moja ya maji, na nyumbani sikuwa bubu. Chuoni ndiko nilinyamaza. Lekcha akiuliza kama tumeelewa, ukumbi mzima unaitikia ndiyo, nami najiona mjinga wa pekee mle ndani.

Mpango wangu ulikuwa huu: nisome peke yangu, nikishaelewa ndio nijiunge na wengine. Yaani nioge kwanza ndio niingie bafuni. Siku ya kuelewa haikufika. CAT ya kwanza nikaanguka, ya pili nikaanguka, mwishowe sapu. Mwaka wa pili sikurudi. Sisemi ni aibu pekee iliyonitoa, karo pia ilichangia. Ila karo haikunizuia kuketi kwa ile meza.

Juzi nikakutana na mmoja wa wale wanne hapa mpakani, akivuka kwenda Uganda. Nikamtania kuhusu meza yao ya wajanja. Akacheka hadi akashika gari la watu. "Wajanja gani? CAT ya kwanza sote tulipata chini ya kumi kwa thelathini. Tulikuwa tunakuita tukidhani wewe ndiye unajua, venye ulikuwa umetulia. Ulipokataa tukasema, huyu anajiskia."

Hiyo iliniuma kuliko sapu.

Nilipomsimulia mama, aliniangalia tu. Yeye yuko kwa chama tangu nikiwa shule ya msingi. Akasema, "Ati ulikuwa unangoja ujue ndio uende? Sasa mimi ningengoja niwe na pesa ndio niingie chama, wewe ungesoma na nini?"

Na hili si jambo la Busia tu. Miaka ya 1970 kule Marekani, Uri Treisman, aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza mbona wanafunzi wengi weusi wanaanguka hesabu za mwaka wa kwanza ilhali wenzao wa asili ya Kichina wanafaulu. Hakukuta uvivu. Wale weusi walikuwa wanasoma sana, lakini kila mtu kivyake. Wale wengine walisoma peke yao, kisha wakakutana kulinganisha majibu na kukosoana. Akaanzisha vikao vya kutatua maswali magumu kwa vikundi, na matokeo yakapanda.

Kwa hivyo wewe mwenye aibu unayeripoti chuo, sikia. Usianze na kutangaza kikundi. Anza na mtu mmoja, yule mnaketi karibu: "Swali la nne limekushinda pia?" Basi. Mkiwa wawili, kila mmoja alete mwingine. Watatu hadi watano wanatosha, wakizidi hapo aibu inapata mahali pa kujificha. Ile WhatsApp ya darasa zima usiihesabu. Pale watu huuliza tu kama lekcha amefika.

Wekeni siku, saa na mahali, kama chama. "Tutaonana" ya makomredi haina tarehe. Kabla ya kukutana, kila mtu ajaribu maswali kivyake, halafu aje na lile lililomshinda. Huo ndio mchango wako. Usione haya kuja na swali badala ya jibu, maana kikao chenye majibu tupu huisha dakika tano.

Na kama kuongea bado ni noma, chukua kazi. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, piga nakala, uwe wewe unayeshika saa. Kwa chama cha mama, anayeandika kitabu ndiye mpole kuliko wote, na hakuna kikao kinachoanza kabla hajafika. Ukiwa na kazi, huhitaji kisingizio cha kuwepo. Maneno yatakuja yenyewe, pengine wiki ya tatu, pengine ya tano.

Na wewe uliyeshaketi mezani, ukiona msee anapita mara tatu na simu sikioni, usiseme anajiskia. Mwite tena.