Bariadi na Mizani ya Pamba

Yupo aliyeniuliza juma hili Bariadi ni mji wa namna gani. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: makao ya wilaya katika Mkoa wa Shinyanga, mji wa pamba, na kwa mgeni ulikuwa mbali na kila kitu. Mwezi Machi 2012 ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, ukapewa jina la mto, na Bariadi ikawa makao makuu. Ikaja lami kupitia Maswa hadi Lamadi. Hata Nanenane ya kitaifa ikafanyika Nyakabindi, miaka mitatu mfululizo tangu 2018.

Hayo ni mema. Lakini mimi huupima mji huu kwa mizani ya pamba. Mzee anayevuna kule Itilima haulizi ni ofisi ngapi zimejengwa. Huuliza bei, na zaidi huuliza atalipwa lini. Msimu wa 2019 wakulima wengi walikabidhi pamba yao, wakasubiri fedha kwa miezi. Karo ilisubiri, mahari ilisubiri, na sadaka ya mavuno (nisiwafiche) ilisubiri pia. Mvua ziliponyesha, wakashika jembe tena.

Baadhi yenu mnaosoma hapa ndio makarani wa vyama vya msingi. Msimu ukifunguliwa, ninawaomba: mzee asomewe uzito mbele yake, kilo kamili, naye aondoke na stakabadhi mkononi.